Kutoka Chombo cha Maziwa hadi Sufuria ya Mboga: Historia ya Jiko la Kaskazini Mashariki

Nchi iliyo kati ya mto Tana na mto Juba ni nchi ya mvua chache. Garissa hupata takriban milimita 300 hadi 400 kwa mwaka, nazo huja kwa misimu miwili: gu, kuanzia Machi hadi Mei, na deyr, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Baada ya deyr huja jilaal, kiangazi kikali ambacho hukausha malambo na kuwatawanya watu na mifugo. Anayetaka kujua mchicha, kunde, boga na sukuma wiki zilivyofika katika majiko ya Garissa, Wajir na Mandera hana budi kuanza na mvua hiyo, maana ndiyo iliyoamua kwa karne nyingi kwamba chakula cha hapa kiwe kile kinachotembea kwa miguu na kuifuata mvua inakonyesha.

Kuna maelezo yaliyozoeleka, yanayorudiwa katika semina na ripoti, kwamba wafugaji wa Kaskazini Mashariki hawakujua mboga mpaka walipofundishwa na maafisa. Maelezo hayo hayaitendei haki historia. Mboga zilikuwapo kando ya mito muda wote, na mfugaji alizijua. Hakuzihitaji sana, kwa kuwa ngamia wake walimpa sehemu kubwa ya kile ambacho mkulima hukipata katika majani. Zilipoingia jikoni kwa wingi, ziliingia kuziba pengo lililoachwa na ngamia hao, na pengo hilo lina tarehe zake na sababu zake.

Ufugaji kaskazini mwa Kenya ni wa kale. Kando ya ziwa Turkana, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo waliofugwa imepatikana katika makazi ya miaka 4,000 na zaidi iliyopita. Ngamia alikuja baadaye, akaenea katika Pembe ya Afrika, na pamoja naye ukajengeka mfumo wa chakula ambao ulisimama imara kwa muda mrefu. Msingi wake ulikuwa maziwa: mabichi, au yaliyogandishwa ndani ya vyombo vilivyofukizwa moshi, ambayo kwa ngamia huitwa suusac. Juu ya maziwa kulikuwa na samli. Nyama ililiwa kwa nadra kuliko wageni wanavyodhani, na ilipopatikana nyingi ilikatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli iwe nyirinyiri, ambayo hudumu miezi. Maziwa ya ngamia yana vitamini C mara tatu hivi kuliko maziwa ya ng'ombe, na maziwa yanayonywewa bila kuchemshwa hayaipotezi. Hapo ndipo ilipo siri ya afya ya watu walioishi katika nchi isiyo na bustani.

Hata hivyo, mimea haikukosekana kabisa. Watoto wachungaji walichuma kunazi, matunda ya mkole na ukwaju, na kando ya Tana waliguguna koma, tunda gumu la mkoma lenye nyama tamu ya rangi ya kahawia. Majani ya porini yaliyochipuka baada ya gu yalichumwa hasa na kina mama, na zaidi katika miaka ya njaa. Haya hayakuwa mapishi ya fahari na hakuna aliyeyaandika, lakini yanatosha kuonyesha kwamba jani la kijani halikuwa jambo geni.

Upande wa pwani mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, mji wa biashara uliokuwa na sultani wake, akaeleza alichoandaliwa. Alipakuliwa wali uliopikwa kwa samli, ukawekewa juu vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandamana na ndimu za achari, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Maelezo hayo yana karibu miaka 700, na yanastahili kusomwa taratibu na kila anayepika Garissa leo. Wali, samli, kitoweo, ndizi mezani, na kitu kichachu cha kuzindua ulimi: mpango huo wa sahani haujabadilika sana. Kilichobadilika ni watu wanaoufikia. Wakati ule ulikuwa mlo wa mji wenye bandari, wenye mchele ulioletwa na bahari na mashamba ya mto Shabelle nyuma yake. Mfugaji wa bara aliufikia pale alipoteremsha msafara kuuza samli, ngozi na pembe.

Mto Tana ulikuwa na ustaarabu wake. Mto huu, mrefu kuliko yote ya Kenya, una urefu wa kilomita 1,000 hivi, na kabla ya kuwekewa mabwawa ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, karibu na Mei na tena karibu na Novemba. Wapokomo upande wa chini, Wamalakote na Wamunyoyaya upande wa juu hadi Garissa yenyewe, walilima kwa kuyafuata mafuriko hayo. Maji yalipopungua yaliacha tope lenye rutuba, na katika tope hilo wakapanda mpunga, mtama, kunde na ndizi. Safari za Wareno zilizoanza kufika pwani hii mwaka 1498 zilifungua njia kwa mimea ya Amerika, na katika karne zilizofuata mahindi, maboga, pilipili na nyanya vilipanda mto taratibu, kijiji kwa kijiji, bila serikali wala semina. Boga lilipendwa kwa sababu za wazi. Huota kwenye ukingo wenye unyevu, tunda lake hukaa miezi bila kuoza, na majani yake pia huliwa. Kunde nayo ina faida mbili: majani machanga huchumwa wakati mmea unakua, na punje huvunwa baadaye.

Kati ya mkulima wa mto na mfugaji wa nyika palikuwa na ubadilishanaji. Wakati wa jilaal mifugo ililazimika kuteremka mtoni kunywa, na palepale samli, maziwa na ngozi vilibadilishwa kwa nafaka, maboga na ndizi. Ubadilishanaji huo haukuwa wa amani kila mara. Kulikuwa na ugomvi wa njia za mifugo, na kulikuwa na dharau ya mwenye mifugo kwa mwenye jembe, dharau ambayo ilichelewesha kula mboga kuliko ukosefu wa mboga wenyewe. Hili lazima lisemwe wazi. Kwa vizazi vingi jani la kupikwa lilihesabiwa kuwa chakula cha asiye na mifugo, na mama aliyelipika mbele ya wageni aliona haya.

Karne ya 19 ilivuruga mpangilio wote. Katika miaka ya 1860 Waorma, waliokuwa wakitawala malisho kati ya Juba na Tana, walishindwa na Wasomali waliokuwa wakisonga kutoka mashariki, na kufikia 1909 Wasomali walikuwa wamefika ukingo wa Tana. Wakati huohuo, kando ya Juba, watumwa waliotoroka mashamba ya Shabelle ya chini walijijengea vijiji katika misitu ya Gosha. Wengi walikuwa na asili ya Tanzania ya leo, na wako waliobaki wakizungumza Kizigua. Kiongozi wao mashuhuri, Nassib Bundo, aliongoza jamii ya wakulima waliopanda mahindi, simsim, kunde na maboga. Simsim ndiyo iliyoleta mafuta. Mashamba ya Benadir yalisafirisha simsim kwa wingi hadi Zanzibar, na mafuta yaliyokamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na ngamia yakawa mwenzake samli jikoni. Kisha katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe katika Afrika Mashariki yote, na wafugaji wengi wakabaki na fimbo mikononi. Aliyefilisika alikwenda mtoni. Huko alijifunza kula alichokula mwenyeji wake, na mifugo ilipozaliana tena alirudi nyikani na kujaribu kusahau. Mwendo huo wa kwenda mtoni kwa shida na kurudi nyikani kwa neema ndio mtindo wa enzi nyingi zilizofuata, isipokuwa kwamba mara ya mwisho njia ya kurudi ilifungwa.

Utawala wa Mwingereza ulikuja na mipaka. Sheria ya wilaya za pembezoni ya 1902, na baadaye sheria ya wilaya maalumu ya 1934, zilifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini iwe eneo la kuingia na kutoka kwa kibali. Mwaka 1925 Jubaland ilikabidhiwa Italia, na mfugaji aliyezoea kununua mahindi na simsim Juba akajikuta na mpaka wa kimataifa kati yake na ghala lake. Vituo kama Wajir, kilichofunguliwa 1912, vilivutia maduka ya Wasomali wa Herti na Isaaq, Waarabu wa Yemen na Wahindi. Maduka hayo yaliuza sukari, majani ya chai, unga, mchele, tende na nguo. Mboga hazikuwamo, kwani hazingestahimili siku kadhaa za lori katika joto la nyuzi 35 na zaidi. Hivyo duka la kikoloni lilileta utamu na wanga kwanza, na kwa miaka 50 likauzoeza ulimi wa nchi nzima chai yenye sukari nyingi. Madhara yake yanaonekana katika kliniki za leo.

Ng'ambo ya mpaka, Waitalia walipanda ndizi kwa biashara na kula tambi zao, na tambi zikavuka mpaka kama baasto, pamoja na mchuzi wake wa nyanya, suugo. Ndani ya suugo, nyanya, kitunguu, karoti na pilipili hoho vilianza kuingia katika mlo wa mji bila kupingwa, kwa sababu viliingia vikiwa vimeshikana mkono na nyama. Njia hii imeleta mboga nyingi kuliko amri yoyote. Ndivyo ilivyo hata kwa suqaar, nyama ya vipande vidogo ambayo kadiri bei ya nyama inavyopanda ndivyo vipande vya viazi, karoti na hoho vinavyozidi ndani yake.

Novemba 1961 Tana ilifurika kuliko watu walivyokumbuka, vijiji vya wakulima vikasombwa na chakula kikaangushwa kwa ndege. Miaka miwili baadaye Kenya ilipata uhuru, na Kaskazini Mashariki ikaingia katika kipindi ambacho ndicho kitovu cha historia hii.

Tume iliyotumwa mwaka 1962 ilikuta wakazi wengi wa wilaya za Wasomali wakitaka kujiunga na Somalia. Matakwa hayo hayakufuatwa. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ukaundwa, makao yake yakawa Garissa, na kabla ya Desemba 1963 kwisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Vita vilivyofuata, vilivyoitwa vya shifta, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, na athari zake hazikwisha hapo. Mwaka 1966 serikali iliwakusanya watu katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi. Kutoka kulihitaji ruhusa. Mifugo iliyobaki nje ilichukuliwa kuwa ya adui, na ngamia hasa waliuawa kwa wingi kwa sababu walibeba mizigo ya wapiganaji. Kwa maneno ya jikoni, maana yake ilikuwa hii: familia iliyokuwa ikinywa maziwa mabichi asubuhi na jioni ilipewa unga wa mahindi. Ugali, soor kwa Kisomali, ukashika nafasi ya maziwa, na pembeni yake pakawa na chai. Wanga uliongezeka, na vitamini ya maziwa mabichi ikapotea. Naamini kwamba hakuna tukio jingine lililobadilisha mlo wa Kaskazini Mashariki kama hili, na nasikitika kwamba katika vitabu vya shule linasomwa kama sura ya usalama tu.

Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na mifugo ya kurudia nyikani. Walibaki pembezoni mwa miji, katika mitaa ya Garissa inayoitwa bulla, na ukame wa miaka ya mwanzo ya 1970, kisha wa 1984, ukawaongezea wenzao. Serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha miradi midogo ya umwagiliaji kando ya Tana na kando ya Daua huko Mandera, kwa ajili ya wafugaji waliofilisika. Mashine ya dizeli ilivuta maji hadi mfereji, na vikundi vya familia vikagawana vipande vya ardhi. Wamunyoyaya na Wamalakote walikuwa walimu wa wazi katika kazi hii, ingawa ripoti hazikuwaita hivyo. Vilivyostawi ni ndizi, maembe, mapapai, tikiti, nyanya, vitunguu, bamia na kunde. Kwa mara ya kwanza Wasomali wengi wa Garissa walikuwa na shamba lao wenyewe, na haya ya zamani ikaanza kupungua. Ni vigumu kudharau nyanya uliyoilipia dizeli.

Lakini mto wenyewe ulikuwa ukibadilishwa upande wake wa juu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa haya yaliipa Kenya umeme, na kubwa kati yao, Masinga, lilitwaa sehemu ya mafuriko ambayo kilimo cha tope kilitegemea. Mkulima wa ukingoni alipoteza maji ya bure akalazimika kununua mafuta ya mashine. Hivyo katika kipindi kilekile ambacho mboga zilihitajika zaidi, gharama ya kuzilima ilipanda. Pengo likazibwa na barabara. Malori kutoka Nairobi, kilomita 365 hivi, na kutoka nyanda za Meru yalileta kabichi, viazi, karoti na sukuma wiki, majani ambayo mbegu zake zililetwa na walowezi na kufikia miaka ya 1970 yalikuwa yametapakaa Kenya nzima. Sukuma wiki zilifika Garissa zikiwa zimelegea, zikanyunyiziwa maji kivulini, zikauzwa na wanawake waliotandaza magunia sokoni. Wengi wa wanawake hao walikuwa wameanza kwa kuuza maziwa.

Shule pia ilifanya kazi yake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliweka sayansi kimu katika masomo ya msingi, na kizazi cha wasichana wa Garissa, Wajir na Mandera kikajifunza darasani kwamba jani huoshwa kabla ya kukatwa na si baada, na kwamba hupikwa kwa maji machache, kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Walirudi nyumbani na kuwaambia mama zao. Wengine walisikilizwa.

Januari 1991 serikali ya Somalia ilianguka. Kufikia 1992 kambi tatu, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikuwa zimefunguliwa karibu na Dadaab, zikikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Mwaka 2011, wakati wa njaa, idadi ilipita 450,000. Mgao wa kambini ulikuwa nafaka, maharagwe au dengu, mafuta, unga wa lishe na chumvi. Ulitunza uhai, lakini haukuwa na kitu kibichi. Madaktari walikuwa na sababu ya kuogopa, kwani katika kambi za Somalia na Sudani miaka ya 1980 kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani unaotokana na kukosa vitamini C, kilikuwa kimewarudia watu waliolishwa kwa mgao wa namna hiyo. Wajukuu wa watu waliokunywa maziwa ya ngamia wakatokwa na damu kwenye ufizi.

Majibu yaliyotumika Dadaab yanastahili kukaa katika historia ya mapishi ya Kenya. Katikati ya miaka ya 2000 zilienezwa bustani za magunia: gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji, ubavuni hutobolewa matundu, na kila tundu hupandwa mche wa sukuma wiki, mchicha au spinachi. Maji yaliyotumika kuosha vyombo yalitosha kulinywesha gunia moja, na gunia moja liliweza kumpa mama majani ya kuchuma kila baada ya siku chache. Kuanzia 2007 shirika la Action Contre la Faim liligawa vocha za vyakula vibichi kwa familia zenye watoto wenye utapiamlo, nazo ziliweza kununua mboga na matunda katika masoko ya kambini. Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaanza kutuma sehemu ya mgao wa Dadaab kwa simu kupitia mfumo wa Bamba Chakula, na mama akaweza kuchagua mwenyewe. Vocha na simu vilifanya jambo ambalo mgao haukuweza: viliwafanya wachuuzi walete nyanya na vitunguu kwa sababu kulikuwa na mnunuzi. Hagadera ikawa soko ambalo Wakenya wa vijiji vya jirani nao walilitegemea.

Katikati ya miaka hiyo ya kambi, nyama yenyewe ilipatwa na msukosuko. Mvua za El Niño za mwisho wa 1997 zilileta homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaompata binadamu kupitia mbu na kugusa damu au maziwa yasiyochemshwa. Mlipuko ulianzia Garissa na kuua watu mamia katika Pembe ya Afrika. Ulirudi Desemba 2006, tena Garissa. Masoko ya mifugo yalifungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na kwa majuma kadhaa mji uliojulikana Afrika Mashariki yote kwa soko lake la ng'ombe ukawa unakula ambula, maharagwe mekundu madogo yaliyopikwa mpaka yakalainika kabisa na kutiwa mafuta ya simsim, pamoja na kunde, dengu na kabichi. Hofu ilipopita, nyama ilirudi, lakini familia nyingi zilikuwa zimejifunza kwamba mlo bila nyama unaweza kuwa mlo kamili.

Katiba ya 2010 ilihamishia kilimo mikononi mwa kaunti, na tangu 2013 Garissa, Wajir na Mandera zina bajeti zao za maji na mashamba. Mashine za nguvu za jua zimeanza kuchukua nafasi ya dizeli. Mazingira, hata hivyo, yamekuwa makali zaidi. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mamilioni ya mifugo yakafa katika Kenya kame. Kisha ukaja upande wa pili. Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilivunja kingo, mashamba ya ndizi na nyanya yakazama, na barabara ya Nairobi ikakatika karibu na Madogo, ng'ambo tu ya daraja la Garissa. Mji ukakosa mboga za mto na mboga za lori kwa wakati mmoja.

Ndiyo historia iliyomo ndani ya sufuria moja ya leo. Tuchukue maraqa, yaani mchuzi, ya boga na bamia, pishi la nyumbani ambalo halihitaji zaidi ya nusu saa. Kitunguu hukatwa vipande vidogo na kukaangwa kwa kijiko kimoja cha samli au mafuta ya simsim mpaka kilainike bila kuungua. Nyanya mbili hufuata, pamoja na kitunguu saumu na nusu kijiko cha hawaji ya Kisomali, xawaash, yenye bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na mdalasini. Vipande vya boga huingia na kikombe cha maji, sufuria hufunikwa kwa dakika 15 hivi. Bamia huingia mwishoni, zikiwa nzima ili zisitoe ute mwingi, na majani machanga ya kunde hutupwa dakika tano kabla ya kuepua. Magadi hayahitajiki, maana hulainisha majani lakini huua vitamini C. Ndimu hukamuliwa sahani ikiwa tayari mezani, maana uchachu wake husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyo kwenye majani. Pembeni huwekwa anjera, soor au wali kiasi, na bisbaas ya pilipili mbichi kwa anayeipenda.

Katika nyumba nyingi adui wa mlo huo ni kikombe kinachoufuata. Chai inayonywewa mara baada ya chakula huzuia mwili kuyapokea madini hayo ya chuma, na kwa kina mama wajawazito, ambao upungufu wa damu huwaandama, saa moja ya kusubiri ina maana kubwa. Sukari iliyoletwa na maduka ya kikoloni, wali mweupe na tambi vimekutana na maisha ya kukaa mjini, na kisukari na shinikizo la damu vimekuwa magonjwa ya kawaida. Tatizo si la eneo hili peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya watu wazima nchini Kenya hawali mboga na matunda ya kutosha, yaani gramu 400 kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mkulima wa Kiambu mwenye sukuma wiki mlangoni yumo katika hesabu hiyo pamoja na mama wa Wajir ambaye hununua kila jani kwa bei ya lori. Kuwahukumu kwa kipimo kimoja ni kuisahau barabara iliyo kati yao.

Swali lililobaki ni la maji kuliko la mapishi. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka vyanzo vya Tana, mabwawa matano ya zamani yangali yanashika mto, na kwa miaka mingi sasa upo mpango wa jingine kubwa zaidi, High Grand Falls, upande wa Kitui na Tharaka Nithi. Linaahidiwa kuleta umeme, kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba mapya. Masinga nalo lilijengwa kwa ahadi, na hesabu ya waliopoteza tope lao haikufanywa mpaka walipokwisha kulipoteza. Safari hii kiasi cha maji kitakachoachwa kipite hadi Garissa, Bura na Hola, hasa katika miezi ya jilaal ambapo bei ya mchicha hupanda kuliko wakati wowote, kinafaa kuandikwa na kutangazwa kwa wakulima wa huko kabla ya kazi kuanza.